Kuzima Kizazi cha Pili

Tarehe 9 Januari. Miaka thelathini na moja na miezi minne tangu niondoke, kama bado kuna anayehesabu huko.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mzee wako. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake lenyewe, na ngazi za jengo hili ni hamsini na nne. Mkeo hajambo? Ule mkanda wa cherehani niliomtumia ulimfikia? Na mtoto, ameota meno? Habari za dada yangu sikuulizi wewe, maana Jumapili alinijulisha mwenyewe kwamba yupo. Saa kumi kamili simu iliita mara tano, ikanyamaza. Nami niliiacha iite, kama kawaida.

Barua yako ya kufunga mwaka nimeipata. Katikati ya habari za mvua na za mtoto umechomeka sentensi moja: "Halafu Aprili tunazima kizazi cha pili." Umeiandika kama mtu anayesema kesho tutafagia ua. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa pale pale, hata jirani akadhani nimeanguka.

Mimi nimeishi ugenini kwa vizazi hivyo vya mitandao ya simu. Nilipofika hapa cha kwanza kilikuwa bado hewani. Matajiri walibeba simu nzito kama tofali, na sauti zao zilipita angani zikiwa uchi. Mwenye redio nzuri aliweza kujilaza kitandani akamsikiliza mtu akigombana na mkewe mitaa mitatu kutoka hapo. Cha pili kikaja kikazivika nguo: sauti ikageuzwa tarakimu, ikafungwa kwa msimbo, na pamoja nayo ukaja ujumbe mfupi wa maandishi. Cha tatu kikaleta picha na intaneti, na watu wakaacha kutazama wanakokwenda. Cha nne hakina hata njia ya sauti peke yake. Kila kitu, salamu, wimbo, matusi, hukatwa vipande na kutumwa kama vifurushi, kikaungwe mbele ya safari. Sasa kuna cha tano. Antena zake wamezifunga kwenye paa linalotazamana na dirisha langu, nyeupe, bapa, kama milango ya friji iliyosahauliwa na wahamiaji. Zamani kizazi kilihitaji miaka thelathini na harusi mbili tatu. Hivi vya siku hizi hupewa miaka michache, vikazikwa bila hata mtu kuvaa vizuri.

Sasa nikuulize. Simu ya mama yako ya vitufe haijui lugha nyingine ila hiyo ya kizazi cha pili. Mkikizima, ataniitaje? Unajua mambo yetu. Tangu ulipompelekea simu ya kwanza ni miaka kumi na tisa, na hajawahi kuniambia neno. Jumapili ya kwanza nilipokea mbio nikasema, "Haloo, Dada." Nikasikia pumzi yake, na kuku nyuma yake, kisha akakata. Jumapili iliyofuata sikupokea. Hapo ndipo tukaelewana. Wengine huita kubip, na hufanya hivyo wanapokosa salio. Sisi hatukukosa salio.

Tafuta njia, mpwa wangu. Wewe ni fundi wa minara.

Mjomba wako

*

Tarehe 30 Januari

Mjomba, shikamoo.

Huku sote wazima. Mtoto ana meno manne na ameyajaribu yote kwenye kidole changu. Mkanda ulifika, ukaingia kama umezaliwa na ile cherehani; mke wangu anasema mjomba aliyemwona kwenye picha tu anamjali kuliko mume anayelala naye. Mama hajambo. Kifua kilimsumbua wiki moja, akakifukuza kwa maji moto na matusi.

Kuhusu kizazi cha pili, kampuni nayo ina hoja. Cha tatu tulikizima mwaka juzi na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu waliokuwa nacho walishahamia cha nne. Cha pili ndicho walichobaki nacho wazee, mita za maji na ving'ora vya maduka. Masafa ni machache, Mjomba, unajua kuliko mimi. Tukiyatoa kwa hao wachache tukakipa cha nne, watapita watu mara nyingi zaidi. Bosi wetu tunamwita Kasi kwa kuwa hajawahi kumaliza sentensi. Alituambia kikaoni, "Hao wa vitufe watanunua tu, mbona kuhama kutoka mshumaa wali..." akatoka.

Nilimnunulia Mama simu ya kupangusa. Unajua alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na nane. Vidole vimekaushwa na sabuni na dawa ya madoa mpaka kioo hakivisikii. Anagusa, kimya. Anabonyeza, kimya. Akasema, "Simu yako kiziwi." Nikamwambia alambe kidole kidogo, kitashika. "Nilambe kidole ndipo nizungumze na watu? Kwani mimi paka?" Akairudisha kwenye boksi, boksi akalirudisha kabatini, kabati akalifunga.

Nikamweleza kwamba baada ya tarehe 30 Aprili ile simu yake itabaki tochi. Aliigeuza ile simu mkononi. Kisha akasema, "Muulize mjomba wako. Huyo ndiye bingwa wa kuzima."

Mjomba, nilikuwa na miaka sita. Ninachojua ni kile anachojua kila mtu: ulikuwa mwunganishaji kwenye kituo cha simu, siku ya ghasia askari wakaingia, wakakuwekea bunduki kichwani, mkakata simu za mji mzima. Na Baba, aliyekuwa akifundisha ng'ambo ya mto, akaanza safari ya kurudi nyumbani bila kujua kwamba daraja limefungwa, wakamuua pale kizuizini. Wiki moja baadaye ukaondoka. Mama hajawahi kuongeza wala kupunguza. Ila mtu akisema "walimwekea bunduki," huinuka akatoka. Kuna nini?

Na jingine: kwa nini huji? Waliokutafuta wamekufa au ni wastaafu wanaoota jua. Karatasi zako zilinyooka tangu mwaka wa msamaha. Njoo kabla ya tarehe 30 Aprili umwite kwa mdomo, tuachane na haya mambo ya minara.

Mpwa wako

*

Tarehe 18 Februari

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia habari ya meno manne. Hapa ni baridi. Maktaba imepunguza saa zake, kwa hiyo mimi na wazee wengine wawili hugombea gazeti moja kwa heshima kubwa.

Mwambie mama yako asiteseke na kioo. Zipo simu za vitufe zinazojua kizazi cha nne. Nimeziona dukani kwa macho yangu, ndogo, zina herufi kubwa za wazee. Muuzaji alinieleza dakika ishirini bila kujua kwamba nimekula mkate wa simu tangu hajazaliwa. Agiza moja. Lakini hakikisha inapitisha sauti kwenye kizazi cha nne chenyewe. Kuna nyingine hushika cha nne kwa intaneti, ikifika saa ya kupiga zinakimbilia cha pili kama mtoto kwa bibi. Mkikizima cha pili, hiyo ni bure. Angalia namba iliyo chini ya betri, na uijaribu kabla hujamkabidhi.

Umeniuliza maswali mawili. La kuja: goti. Daktari amesema safari ndefu ya kukaa haifai.

La siku ile: kulikuwa na askari. Bunduki zilikuwepo. Siku zile bunduki zilikuwa kila mahali, kama viti.

Msalimie mkeo.

Mjomba wako

*

Tarehe 8 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza, akianguka analaumu meza. Mama mzima. Simu ya vitufe uliyoniambia nimeiagiza, itachukua muda. Namba ya chini ya betri nitaiangalia.

Nilikuuliza habari za Baba, ukanijibu habari za goti na viti. Sikulaumu. Lakini sasa naulizia na yangu.

Minara mingi itazimwa kutoka makao makuu, mtu anabonyeza tu kwenye kompyuta. Ule wa mlimani, ambao ndio unaotupa mtandao hata sisi hapa nyumbani, laini yake ya udhibiti ilikatika tangu mvua za mwaka jana. Huo lazima mtu apande akauzime kwa mkono. Mtu huyo ni mimi. Na antena mpya za kule hazijafika. Ziko bandarini, au zilikuwa bandarini, au zitakuwa bandarini. Kasi akieleza hujui wakati gani. Kule juu kuna zahanati moja, na muuguzi wake huita gari la wagonjwa kwa simu ya vitufe. Nikizima kabla ya antena kufika, mlima mzima unakuwa bubu, labda wiki, labda mwezi.

Nilimwambia Kasi. Akasema, "Tarehe ni tarehe. Wewe zima, lawama ziko juu ya..." Hakumalizia ziko juu ya nani.

Hakuna atakayekuwa ananiangalia, Mjomba. Nitakuwa mimi, kibanda na swichi. Nisipozima, kazi inaweza kuota mbawa, na unajua kwamba nyumba hii inasimama juu yangu. Nikizima, nitasema niliamriwa, na itakuwa kweli. Usiku sipati usingizi. Kama uliwahi kusimama mahali kama hapa, niambie ulifanya nini. Usinihurumie.

Sanduku la ofisi linafungwa wiki hii, tunahamia jengo jipya. Andika kwa sanduku la nyumbani. Nitakuwa nikienda posta mwenyewe.

Mpwa wako

*

Tarehe 27 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini nyote wazima. Leo sina habari nyingine.

Ilikuwa Jumatano, saa sita na nusu mchana. Tulikuwa wawili kwenye zamu. Mwenzangu alikwenda msalani na hakutoka tena, nilimsikia akilia huko. Askari walikuwa wawili pia. Mmoja, kijana mwembamba, alisema: hakuna simu ya kuingia wala kutoka mpaka tutakapowaambia. Bunduki yake ilikuwa begani, mdomo ukitazama sakafu. Hakuniwekea kichwani. Alikuwa na adabu. Aliniita mzee, nami nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nikachomoa nyaya zote kwenye ubao wa kuunganishia simu. Wakatoka nje kuvuta sigara, upande wa kivuli, ambako hakuna dirisha.

Saa saba kasoro dakika nne, pale ubaoni, kitaa, taa ndogo ya namba arobaini na moja, kikawaka. Arobaini na moja ilikuwa shule ya ng'ambo ya mto. Nilijua ni shemeji, maana siku zile za wasiwasi hakutoka shuleni kabla ya kunipigia na kuuliza, "Haloo, njia ikoje?" Na nilijua njia ikoje. Asubuhi yote nilikuwa nimeunganisha simu za watu waliokuwa wakilia kuhusu daraja lile.

Plagi ilikuwa mkononi mwangu. Ilihitaji sekunde nane: kuchomeka, kusema "usitoke," kuchomoa. Hakukuwa na mtu anayeniangalia. Nilisema moyoni, amri si yangu. Nikasema, wakirudi ghafla je? Nikasema, atachoka kupiga, atakaa. Kitaa kiliwaka dakika kumi na moja. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kufanya kwa simu isiyojibiwa. Kisha kikazimika. Askari walirudi baadaye sana, wakicheka, hata hawakutazama ubao.

Hadithi ya bunduki kichwani niliitunga mwenyewe, msibani, mbele ya watu. Waliipokea vizuri. Mtu mmoja alinishika mkono akalia. Mama yako hakulia. Karani wa shule alikuwa ameshamwambia kwamba mumewe alipiga simu muda mrefu kabla ya kuondoka. Alinitazama usoni, kisha akanitazama mikono. Baada ya siku tatu niliondoka. Watu wanasema nilikimbia askari. Hakuna askari aliyenitafuta kwa bidii yoyote, mpwa wangu. Nilikimbia macho yale.

Umeuliza ufanye nini. Mtu aliyepewa amri hujitengenezea mahali pa kujificha ndani yake, na mahali hapo ni pazuri, pana kivuli, unaweza kukaa humo miaka thelathini na moja. Usiingie. Acha mnara uwake mpaka antena zifike. Wakikufukuza, watakuwa wamekufukuza kazi tu.

Haya hajawahi kuyasikia mtu. Nimekuambia wewe kwa sababu umeniuliza mbele ya swichi, na kwa sababu baba uliyemkosa ni wako. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee mama yako.

Mjomba wako

*

Tarehe 1 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote. Nimengoja jibu, nikasema kazi zimekubana. Hapa joto limeanza, na goti halina la kusema.

Mara ya mwisho simu kuita ilikuwa Jumapili ya tarehe 13 Aprili. Tarehe 20 haikuita. Nikajiambia kampuni zina haraka, mmezima mapema. Tarehe 27, kimya. Mei yote, kimya. Nilibadilisha betri. Nilishuka kwa fundi wa simu wa pale chini, nikamwomba anipigie. Ikaita vizuri, mara moja, kwa kelele. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekuja kupimwa akakutwa mzima.

Nikajiambia basi ile simu ya vitufe uliyoagiza haijafika. Leo ni Jumapili. Nimekaa na simu juu ya meza tangu saa tisa, na sasa ni saa moja.

Sikuulizi kama barua yangu ya Machi ilifika. Niambie tu kama mama yako ni mzima.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mama ni mzima. Nimeanza na hilo ili usitafute mbele. Mtoto anatembea sasa, na mke wangu amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, nyumba imejaa vitambaa vya buluu. Barua hii nimeiandika mara nne.

Nilipanda mlimani tarehe 14 Aprili, kwa sababu kulikuwa na minara mingine mitatu ya kukagua njiani. Barua yako ilifika posta tarehe 16. Kwa hiyo nilichofanya kule nilikifanya bila wewe, na nataka ujue hivyo.

Tarehe 30, saa nane mchana, nilikuwa kibandani. Muuguzi wa zahanati alipanda kwa miguu, akasimama mlangoni akihema. "Fundi, nasikia leo ndiyo leo. Sasa mama akishikwa na uchungu, nimwite nani? Wewe?" Nikampigia Kasi. "Zima, bwana, ripoti yangu inasubi..." Nikakata mimi, kwa mara ya kwanza. Nikaandika kwenye fomu: Sijazima. Sababu: mbadala haujafika. Nikatia sahihi. Nimepewa barua ya onyo, na cheo nilichokuwa nakitarajia amepewa mwingine. Antena zilifika tarehe 8 Mei kwa lori lililokwama mara mbili. Tarehe 9 tukawasha cha nne, nikazima cha pili. Watoto wa kule sasa wanaonana nyuso na baba zao walio mbali. Ni kitu kizuri, Mjomba, siwezi kusema si kizuri.

Lakini umeona tarehe. Mnara ulikuwa hewani mpaka tarehe 9 Mei. Jumapili zile tatu, ya tarehe 20, ya 27 na ya tarehe 4, simu ya Mama ilikuwa na mtandao na ilikuwa na chaji.

Mke wangu ndiye aliyeichukua barua posta. Desturi ya nyumba hii unaijua, wanasema uliianzisha wewe: barua ya mbali haifunguliwi pembeni, inasomwa kwa sauti sebuleni, mbele ya wote, asije mtu akajua na mwingine asijue. Akaketi, Mama akiwa ameketi akikunja nguo, akaanza kusoma. Mke wangu ni msomaji wa mbio, hutamka kwanza akaelewa baadaye. Alipofika kwenye kitaa akasita. Mama akasema, "Endelea." Akasita tena kwenye saa ya ukutani. "Mkamwana, nimesema endelea." Akasoma mpaka mwisho kabisa, mpaka pale uliposema usimsomee mama yako. Hapo mke wangu akaangua kilio. Mama akacheka. Mke wangu anasema Mama alicheka kweli, kicheko cha kawaida. "Hata kuficha hajui. Katazo huwekwa mlangoni, haliwekwi jikoni." Kisha akamaliza kukunja nguo, akaenda kuwapa kuku maji.

Niliporudi nilimkuta vile vile. Siku ya tatu, nikiwa nafunga viatu, akaanza mwenyewe.

"Nilijua kwamba hakupokea. Hilo nililijua tangu msibani."

"Sasa kwa nini ulikuwa ukimpigia miaka yote?"

"Nilidhani aliogopa. Hata kama bunduki ilikuwa uongo, nilisema, ameogopa, ndugu yangu mwoga, nitafanyaje? Mwoga unamwita ajue kwamba hujamtupa. Humsemeshi, lakini unamwita."

"Na sasa?"

"Mwoga hufumba macho. Yeye alitazama saa."

Simu ya vitufe ya kizazi cha nne ilifika tarehe 15 Mei. Namba ya chini ya betri ilikuwa sawa, niliijaribu, sauti safi kuliko ile ya zamani. Nikakaa naye kuhamisha majina, moja moja.

"Muuza mkaa?"

"Weka."

"Mkuu wa wafuaji?"

"Huyo amekufa. Lakini weka, mwanawe hupokea vizuri."

"Mjomba?"

"Hiyo usiiweke."

Nikadhani hakunisikia. "Nimesema Mjomba, Mama."

"Nimekusikia. Masikio si vidole."

Nikamwuliza, akija je? Nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Nyumba ni ya watu, aje. Atakula, atalala. Mimi nitakuwa na kazi chumbani." Nikamwuliza kazi gani. "Nitaitafuta."

Mimi, Mjomba, sijui nikuchukie vipi. Sura ya Baba siikumbuki. Nakumbuka viatu vyake mlangoni tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwa barua jinsi sauti inavyosafiri, nikawa fundi kwa ajili hiyo. Barua ile nimeisoma mwenyewe mara nyingi. Siku nyingine naikunja nikasema amesema kweli, basi. Siku nyingine nahesabu dakika kumi na moja kwenye saa yangu, na sifiki tano.

Hata hivyo nakuita. Mimi nakuita, si Mama. Njoo, usimame sebuleni, useme kwa mdomo hata kama mlango wa chumba umefungwa. Mlango wenyewe ni mwepesi, kila kitu kinasikika.

Mpwa wako

*

Tarehe 4 Agosti

Mpwa wangu, mkamwana wetu, na Dada kama utakuwa umekaa hapo,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Isome kwa sauti. Sina cha kuweka pembeni tena.

Kwanza wewe, mpwa wangu. Ulichofanya mlimani hukukifanya kwa ushauri wangu, na ni heri hivyo. Nilipofika kwenye maneno "sijazima" ulivyoyaandika kwenye fomu, niliondoka chumbani nikashuka ngazi zote hamsini na nne, nikatembea mpaka kwenye karakana ya mabasi na kurudi, bila kuona magari. Kulikuwa na furaha, siwezi kukataa. Lakini ilikuwa furaha ya mtu anayemwona mwenzake akivuka mahali alipozama yeye. Wewe ulikuwa peke yako kama mimi, na ulikuwa na mke na mtoto wa kupoteza. Mimi nilikuwa sina hata mke. Kwa miaka yote nilijiambia kwamba mtu yeyote angefanya nilivyofanya. Sasa hata hilo umeniondolea, na umefanya vizuri.

Usinitafutie neno la kunitetea kwa mama yako. Usiiweke namba yangu kwa siri ukidhani unamsaidia. Simu ni yake.

Dada, uliyoyasikia ni kweli yote. Nimejaribu wiki mbili kutafuta la kuongeza, nikaandika kurasa, nikazichana. Kila sentensi iligeuka kuwa nyingine ya kujisafisha. Uliniona mikono siku ile ya msiba, ukaona sawasawa. Nilipokuwa nikiacha simu iite Jumapili, nilidhani tunatunza kitu pamoja. Kumbe wewe ulikuwa unatunza na mimi nilikuwa napokea tu, kama nilivyozoea kupokea mema ya watu. Miaka kumi na tisa ulimwita mtu ambaye hakuwepo. Samahani haitoshi, na sitaitumia hapa kama kiraka.

Nitasema na sababu za kutokuja, maana nimezibadilisha mara nyingi mno. Kwanza nilisema askari. Kisha karatasi. Karatasi ziliponyooka nikasema kazi. Nilikuwa mlinzi wa maegesho, nafungua na kufunga kizuizi cha magari, kazi ambayo ingefanywa hata na kamba. Nilipostaafu nikasema goti. Goti langu linauma, lakini hupanda ngazi kila siku. Hakuna kati ya hizo iliyonizuia. Kilichonizuia ni kwamba nikifika ningelazimika kusema niliyoyasema Machi, na nilipendelea kuzeeka kuliko kuyasema. Sasa yamesemwa, na kizuizi hicho hakipo tena. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke, hakuna kitu chochote kati yangu na huko.

Lakini nimelifikiria hilo la chumbani. Nikija, utaingia chumbani kwako asubuhi, utatafuta kazi ya kufanya humo, na utakaa mpaka nitakapolala. Wakati huo nitakuwa sebuleni na mjukuu wako, watu watakuja kunisalimia, watasema mzee amerudi, watauliza dada yake yuko wapi. Na utanisikia nikicheka, maana mtu hawezi kukaa na mtoto asicheke. Nyumba ile uliishikilia wewe, kwa mikono iliyokauka hata kioo kikakataa kuisikia, ukamlea mwanao bila baba. Sitakuja kukufungia ndani yake.

Mpwa wangu, ukipenda kuniandikia habari za mtoto, andika, nitazisoma. Usipopenda, nitaelewa, na usijilazimishe kwa adabu. Vitabu vyangu na karatasi nimeagiza wapewe maktaba ya hapa. Daktari na mwenye nyumba nimewaambia kwamba nitaishi hapa mpaka mwisho, na mahali pa kuzikwa nimeshaandikisha. Nina miaka sabini na moja, akili yangu iko sawa, na uamuzi huu sikushauriwa na mtu.

Sitarudi.

Mjomba wako, na ndugu yako